Fomu ya Visiki

TANGAZO KWA WATU WOTE. Kuanzia tarehe mosi Oktoba mwaka 1949, mtu yeyote, awe mkubwa, mdogo au mjane, haruhusiwi kufyeka pori, kung'oa kisiki wala kusimamisha nguzo, toka Nachingwea mpaka Ruangwa, bila kibali cha Idara ya Usafishaji Mapori na Uandaaji Viwanja. Pori ni mali ya maendeleo.

Tangazo hilo niliandika mimi kwa mkono wangu, na neno "mjane" niliongeza mwenyewe ili sentensi ikae vizuri. Naitwa Eustakio, Karani Daraja la Tatu, Tawi la Narung'ombe. Daraja la Nne halipo, lakini hilo si jambo la kutangaza.

Tawi letu lilikuwa na mahema mawili bondeni. Moja lilikuwa ofisi. Katika la pili alilala Mkuu wa Tawi, Mzungu mmoja mrefu aliyetembea na rula ya chuma kwapani, na kwa sababu hiyo watu walimwita Bwana Mstari. Tulikuwa pia na tingatinga lililotumia siku nne kufika kutoka Nachingwea, na vibarua kumi na wawili chini ya nyapara Mikidadi, mwenyeji wa hapo hapo. Kazi ya tingatinga ilikuwa kusubiri vibali. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha halisubiri bure, yaani lisubiri kwa utaratibu.

Siku ya tatu baada ya tangazo akaja Bi. Biasha.

"Hodi."

"Karibu. Una miadi?"

"Nina kiwanja."

Akakaa chini bila kuambiwa, akaeleza. Mumewe amefia Mandawa. Eda amemaliza, amerudi kwao Narung'ombe, na mjomba wake amempa kipande cha pori pale mwinukoni ajenge kibanda chake mwenyewe, kwa mikono yake.

"Nguzo ninazo, fito ninazo, nyasi nimekata, kamba nimechuna mwenyewe mpaka kucha zimekwisha. Bado kufyeka na kusawazisha tu. Mwanangu, nalala jikoni kwa kaka yangu Amri, mimi na masufuria. Na wifi yangu ameshatoa neno: siku mvua ya kwanza ikinyesha, kuni zinaingia ndani, na jiko halitoshi kuni na mimi."

Nilimsikitikia, kwa kiwango kinachoruhusiwa kwa Daraja la Tatu. Kisha nikatoa Fomu ya Visiki, nakala tatu, nikachovya kalamu.

"Swali la kwanza. Visiki vingapi?"

"Hamna kisiki pale. Kuna miti, imesimama."

"Basi siwezi kujaza."

"Nikiikata si ndiyo vitakuwa visiki?"

"Ukiikata bila kibali utashtakiwa."

"Na kibali napata lini?"

"Ukishaleta idadi ya visiki."

Nje tingatinga lilikuwa linapashwa moto ili lizimwe tena.

"Mwanangu, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita," nikasema, nikiweka kola sawa.

"Haya. Ningekuwa mama yako ningekutoa la tano."

Sikuliandika hilo kwenye fomu, halikuwa na nafasi yake. Tukakubaliana tujaze sifuri. Baada ya wiki mbili jibu likarudi, kutoka hema la pili kwenda la kwanza: kiwanja chenye visiki sifuri ni kiwanja kilichokwisha kusafishwa, kwa hiyo muombaji aje aeleze amekisafisha kwa kibali gani. Akaja, akaeleza. Tukaandika upya: "vitakuwa kumi na saba." Jibu likaja kwamba Idara haishughuliki na visiki ambavyo bado havijazaliwa. Binafsi niliona jibu lile limeandikwa kwa ufasaha mkubwa.

Novemba ikaingia. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Mbekenyera, na kwa Amri kuni zikaanza kupangwa karibu na mlango wa jiko. Bi. Biasha alikuwa anapita ofisini kila asubuhi na kuuliza neno moja tu: "Vimezaliwa?" Sauti yake ilikuwa ya utani, lakini macho yalikuwa mekundu kwa moshi, na mara moja nilimwona anayafuta kwa upindo wa kaniki akidhani nimeinamia karatasi.

Ndipo Bwana Mstari alipokwenda kukikagua kiwanja chenyewe. Akapanda mwinukoni, akapigwa na upepo. Akageuka, akaliona bonde lote mpaka kwenye mahema, akakuta ardhi ya juu ambayo maji hayatuami. Alirudi na uamuzi. Kiwanja kile, kwa kuwa hakina ombi lililokubaliwa, hakina mwenyewe. Na kwa kuwa hakina mwenyewe, kinafaa kujengwa Kibanda cha Mapumziko ya Kiutawala, ambacho Mkuu wa Tawi angekijenga kwa mikono yake mwenyewe. Mikono yake mwenyewe ilikuwa ni ile ya Mikidadi na wenzake.

"Na visiki, Bwana?" niliuliza, kalamu tayari.

"Serikali haina hesabu visiki yake yenyewe," akasema kwa Kiswahili chake. Nikaona ni kweli.

Lilibaki tatizo la mambo, yaani vile vigingi vya kupimia. Kila tulipopigilia mambo za kuonyesha pembe za kiwanja, asubuhi tulizikuta zinachemsha uji kwenye nyumba za watu. Kwa hiyo Bwana Mstari akaketi akatunga Kanuni ya Alama, nami nikaitafsiri, nikaisomea vibarua Jumatatu wakiwa wamepanga foleni:

"Jioni, anayehitaji mahali ataweka chini alama nyeupe katika pembe nne, na kuondoka. Asubuhi alama zikikutwa zimevurugika, kazi isianze mahali hapo kabisa. Zikikutwa salama, kazi ianze mara moja bila kuuliza zaidi."

Mikidadi akavua kofia yake.

"Karani, hebu rudia."

Nikarudia.

"Kaandika Bwana mwenyewe haya?"

"Kwa mkono wake na saini yake."

Vibarua wakatazamana, na mmoja akasema, "Loh!" Inafaa nieleze, kwa faida ya wasomaji walioendelea. Watu wa huku, kabla hawajafyeka mahali pa kujenga, mwenye haja huenda jioni na unga, akaumimina chini ya mti, akasema maneno yake na kurudi zake. Asubuhi anatazama. Unga ukiwa mzima, wenyewe wamekubali. Ukiwa umetapanyika, anabeba shoka lake anatafuta pengine. Wenyewe ni wale walio chini ya ardhi.

"Kumbe Mzungu naye ana adabu!" alisema Mikidadi. "Na sisi tulikuwa tunamsema vibaya."

Nikamsahihisha kwamba hii ni elimu ya upimaji, ina vitabu vyake.

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema.

Jioni ile Bwana Mstari akaweka chokaa mafungu manne. Nilikwenda mimi kumpa Bi. Biasha taarifa rasmi kwamba kiwanja chake hakikuwa chake. Nilijiandaa kwa kilio, hata leso nilibeba. Nilimkuta pale mwinukoni, amesimama akiyatazama yale mafungu meupe.

"Mama yangu alizaliwa hapa," akasema. "Chini ya mti huu huu." Kisha akafuta uso. "Kwa hiyo kauliza?"

"Hakuuliza. Amepima."

"Hii ni kuuliza, mwanangu. Haya, kauliza, na tusubiri jibu." Akafikiri kidogo. "Kuku wangu naruhusiwa kuwaleta hapa? Wazoee mahali. Wametaabika sana mwaka huu, wanataga mayai ganda laini kama ngozi."

Nilifungua kitabu cha kanuni jalada hadi jalada. Hapakuwa na kifungu kinachokataza kuku. Nikatoa ruhusa, na uhusiano kati ya maganda ya mayai na chokaa sikuuona, kwa kuwa haukuwa katika majukumu yangu.

Asubuhi mafungu yote manne yalikuwa yamechakurwa na kudonolewa, mengine hayakuwepo kabisa. Pembeni palikuwa na nyayo nyingi za vidole vitatu, ambazo katika ripoti niliziita "athari za hali ya hewa." Vibarua wakaketi.

Siku ya pili Bwana Mstari akaongeza chokaa mara mbili. Kuku walifurahi mara mbili. Siku ya tatu akamaliza gunia, na asubuhi akakuta majogoo wawili wa jirani wamekuja pia. Akakunja uso, akapiga rula kwenye buti.

"Fanya kazi! Piga tingatinga moto!"

"Bwana," alisema Mikidadi kwa upole wa kweli, kama anayempa mtu pole ya msiba, "wewe umeuliza mwenyewe, na umejibiwa. Mara tatu. Hata anayeposa, akikataliwa mara ya tatu anakwenda zake nyumbani. Usilazimishe, utaumwa."

"Hapana kuliza mimi! Kupima!"

"Ndiyo, Bwana. Na kanuni yako inasema kazi isianze kabisa. Kabisa, karani kasoma."

Nilikuwa nimelisoma kweli neno hilo, tena kwa sauti.

Kesho yake tulikuwa tunamtarajia Bwana Mkubwa kutoka Lindi, anayekuja kukagua matawi. Jioni hiyo Bi. Biasha aliwafungia kuku wake tengani. Akachukua unga wa mtama, akasema "Bismillahi," akaweka fungu moja chini ya mti wa mama yake, uliokuwa kwenye pembe moja ya kiwanja, kisha akaniangalia.

"Serikali ya chini inatosheka na moja. Ya juu inataka mangapi?"

"Manne."

Akaongeza matatu kwenye pembe zilizobaki, na kila fungu akalifunika kwa chungu. Nikamuuliza chungu cha nini. Akasema wenyewe hawapendi kula pamoja na kanga wa porini.

Bwana Mkubwa alifika asubuhi na mapema, amechafuka vumbi la njiani. Alikuta tingatinga limezimwa, vibarua wamekaa na Mkuu wa Tawi amevimba mishipa. Akadai maelezo. Nikampa Kanuni ya Alama. Akaisoma taratibu.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi," akasema Bwana Mstari, kifua mbele.

"Nzuri sana. Nimepita matawi sita. Hii ni kanuni ya kwanza nimeona vibarua wanafuata bila kiboko." Akageukia kiwanja. "Na leo alama iko namna gani?"

Bi. Biasha akafunua vyungu, kimoja kimoja. Unga ulikuwa mzima, hata alama za vidole vyake zilikuwepo.

"Hiyo si chokaa!" Bwana Mstari akaruka. "Ni ugali!"

Bwana Mkubwa akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa imeandikwa alama nyeupe. Haisemi chokaa. Na hapa, 'anayehitaji mahali.' Huyu mama anahitaji mahali?"

"Anahitaji sana, Bwana!" wakajibu vibarua wote kumi na wawili, nami nadhani sauti ya kumi na tatu ilikuwa yangu.

"Basi. Kazi ianze mara moja, bila kuuliza zaidi. Saini ya Mkuu wa Tawi ipo."

Tingatinga likanguruma kwa haja. Mpaka saa sita mchana miti kumi na saba ilikuwa chini, ukiacha ule wa unga, ambao dereva aliuzunguka kwa heshima. Ardhi ikasawazishwa mpaka unaweza kuviringisha yai. Na kwa kuwa tingatinga liling'oa kila mti pamoja na mizizi yake, hapakubaki kisiki hata kimoja. Nilirudi kwenye jalada, nikakuta jibu sahihi la fomu lilikuwa sifuri, kama tulivyojaza mwanzo. Nilifurahi kuona kwamba utaratibu haujawahi kukosea.

Majirani wakaja. Nguzo zikasimama, fito zikafungwa, wanawake wakakandika udongo huku wanaimba mambo ambayo sitayaandika. Siku ya tisa Bi. Biasha alifunga nyasi za mwisho kwenye kilemba cha paa, akaingia ndani, akafunga mlango, na kwa muda mrefu tulimsikia anacheka peke yake.

Siku ya kumi mvua ikaja. Iliteremka bondeni, ikapita ofisini bila hodi, ikachukua hema la kwanza, ikachukua la pili, ikachukua kitanda cha Bwana Mstari na mto wake. Tukapanda mwinukoni tunateleza, mimi na kalamu na muhuri mfukoni, fomu nimezificha chini ya shati, yeye na rula yake. Mwinukoni kulikuwa na mlango mmoja tu.

"Hodi!" nikapiga kelele.

"Karibu," sauti ikajibu kutoka ndani. "Mna miadi?"

"Bi. Biasha, tunaloa!"

Mlango ukafunguka kidogo, moto unaonekana, kuku wamejipanga juu ya mtungi. "Fomu unazo, mwanangu?"

Ndicho kitu pekee kilichokuwa kikavu. Nikatoa moja, nikaikinga kwa kofia.

"Soma swali la kwanza."

"Visiki vingapi?"

"Mimi sijasoma. Hesabu wewe, wa darasa la sita."

Nikatazama. Mbele ya mlango, katikati ya tope, Bwana Mstari amesimama wima, mvua inamchuruzika puani, hasogei mbele wala nyuma, anasubiri akaribishwe bila kuomba. Mimi ni karani mwaminifu, naandika ninachokiona. Nikaandika: kimoja.

"Swali la pili," nikasoma. "Kitang'olewa na nani?"

"Andika kitang'oka chenyewe," akasema Bi. Biasha, "kikishajifunza kusema naomba."

Nikapiga muhuri, nikavua viatu, nikaingia ndani.