Fundi Kufuli Aizingira Ngome ya Chaza

Jongeeni, enyi mlioketi nanyi mliosimama, acheni chai ipoe vikombeni, niwasimulie vita vilivyopiganwa mezani katika mji mdogo wa pwani unaosifika kwa mambo mawili: ngome yake kongwe na chaza wake wanono.

Aliwasili huko kutembea Fundi Kufuli, Bwana wa Vitasa, Mfungua Yaliyofungwa, pamoja na mkewe na mama mkwe wake. Lakini shujaa alikuwa na jeraha moyoni. Majuzi tu alishindwa kuufungua mlango wa chumba cha mama mkwe, akaitwa seremala akauvunja kwa shoka, na tangu hapo mama yule hamwiti tena mkwe, humwita "huyu bwana". Jambo hilo lilimuuma sana.

Asubuhi walitembezwa ngomeni, wakasimuliwa jinsi majeshi yalivyolizingira lango lile yasiliweze. Mama mkwe akamtazama fundi, akaguna.

Adhuhuri wakaketi mkahawani, ambako mgeni hupewa kisu kifupi akajifungulia chaza mwenyewe. Fundi akainuka, akakunja mikono ya shati, akanena:

"Mama, mbele ya sahani hii naapa: chaza huyu atafunguka kwa mkono wangu, au nirudi nyumbani nikauze mkaa."

"Haya, huyu bwana, fungua basi. Njaa inauma."

Akamvamia adui, na papo hapo akatenda kosa la watu wa kazi yake: akatafuta kufuli. Akauchokoa mdomo wa gamba, akategea sikio mlio wa kitasa, akalibembeleza, akalikemea. Kisu kikateleza, limau la sahanini likaruka hadi meza ya jirani. Mkewe akamsihi amwite mhudumu. Akakataa katakata, jasho likimchuruzika.

Ndipo akaligeuza gamba lile, akaona nyuma pande mbili zilipoungana, na furaha ikampanda hadi utosini. Bawaba! Mlango usiotii kufuli hung'olewa bawaba. Akachomeka ncha pale, akapinda kiganja kidogo, na ngome ikasalimu amri.

Mama mkwe akampokea chaza, akammeza, akafumba macho. Mkahawa mzima ukangoja.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "hata mlango wangu ulikuwa na bawaba."

Andikeni basi, enyi waandishi wa historia, kwamba siku ile, kabla adhuhuri haijapita, mtu aliitwa mkwe tena; na kwa furaha yake hata hakusikia maneno yaliyofuata neno hilo, yale ya bawaba.