Malalamiko Kuhusu Kuondolewa kwa Watoto Watano wa Mbwa Hapa Kipungani

Kipungani,
Jumatano, baada ya alasiri.

Kwa Bi Nkatha,
Afisa wa Mifugo, Lamu.

Bi Nkatha mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kile kikohozi ulichoondoka nacho hapa kwangu kimekwisha. Mimi ni yule Uthman Husseini, karani mstaafu wa mahakama, mwenye shamba la minazi hapa Kipungani. Wiki saba zilizopita nilikuandikia kukutaka uwaondoe, kabla jua halijachwa, mbwa jike na watoto wake watano aliowazaa ndani ya banda langu la makuti pasi na ruhusa. Nakiri kwamba barua ile ni yangu, na sahihi ni yangu. Ulikuja mwenyewe kwa boti, ukawatazama, ukanieleza kwa upole kwamba mtoto wa mbwa hatengwi na mama yake kabla ya wiki nane, na kwamba zikitimia utawagawa kwa wakulima wa Pate wanaosumbuliwa na tumbili. Ukaniachia dawa ya minyoo na karatasi ya maagizo.

Wiki nane zinatimia Jumamosi hii. Naandika kulalamika kwamba unataka kutimiza ahadi.

Usije ukadhani nimewapenda. Mimi ni mtu wa Amu, na kwetu tunajua paka na punda. Katika ukoo wetu hakuna aliyepata kufuga mbwa, wala mimi sitakuwa wa kwanza. Ninachodai ni haki tu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karatasi yako. Imeandikwa kwamba watoto washikwe kila siku ili wawazoee watu. Nimekuwa karani miaka thelathini na moja, na agizo la maandishi silivunji. Niliwashika. Lakini kwetu sisi, ulimi wa mbwa ukikugusa, hapo ulipogusa huoshwa mara saba, na moja katika hizo saba ni kwa udongo. Watoto ni watano na kila mmoja ana ulimi wake. Udongo wa mlangoni pangu umechimbika hata mgeni mmoja akaniuliza kama tunajenga choo. Karatasi ikasema tena kwamba wazoeshwe sauti. Nimewagongea sufuria, nimewawashia redio, nimewapitishia punda wa jirani akilia. Sasa hawaogopi chochote duniani, nami nimo katika hicho chochote.

2. Imamu. Watoto hawa huanza kulia njaa kabla ya adhana ya alfajiri. Nikishaamka kuwatazama silali tena, basi huenda msikitini. Wiki saba sijakosa safu ya kwanza. Ijumaa iliyopita imamu alinitaja mbele ya watu kuwa mfano wa mzee aliyezidi kuongoka baada ya kustaafu. Niliinamisha kichwa nikatazama mkeka. Sifa usiyoistahili ni mzigo, Bi Nkatha. Isitoshe, kuanzia Jumapili ni nani atakayeniamsha? Ofisi yako haijasema.

3. Mke wangu, Bi Barka. Wiki ya kwanza aliapa kwamba boma hili halitamtosha yeye na mbwa, na akafunga nguo zake aende kwa dada yake Langoni. Boti ilichelewa. Alipokuwa akingoja aliwachungulia mara moja. Sasa huwapikia uji wa mchuzi wa samaki, na kila mwiba huutoa kwa vidole, akiuinua juani autazame. Mimi nina miaka thelathini na minne ya ndoa, na samaki wangu najitolea miba mwenyewe.

4. Majina. Ulituonya tusiwape majina, maana mwenye kuita jina hushindwa kuachia. Mimi sikuwapa. Aliyewapa ni jirani yetu Bi Mwanamkisi, msuka mikeka, aliyekuja kushtaki kwamba wameufumua ukili wake wa siku nne. Aliingia bandani na ufagio mkononi. Akasimama, akawatazama machoni. Akasema, "Uthman, mbona hawa wana mato ya watu?" Akaketi, na tangu siku hiyo mikeka yake huisukia kwangu. Mmoja alimwita Diwani, kwa kuwa hufika wa kwanza kwenye chakula na kwenye kazi haonekani. Sasa wiki iliyopita mheshimiwa diwani wa kweli alitutembelea kuhusu gati. Alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu barazani, Bi Barka akapiga kelele jikoni, "Diwani, toa kichwa chunguni!" Mheshimiwa alikuwa mbali na chungu, hilo nashuhudia. Lakini alirudi nyuma hatua mbili, na habari za gati hatukuzisikia tena.

5. Wachukuaji uliowachagua. Ulimleta Bwana Amini wa Chundwa, huko Pate, atakayewachukua wawili yeye mwenyewe na kuwafikishia watatu jamaa zake wa Siyu. Nilimkaribisha kahawa, nikamuuliza maswali machache ya kawaida: watalala wapi, mvua ikinyesha upande gani huingia, yeye akiwa baharini ni nani atakayewapa maji, na je, amepata kumpiga mnyama, lini, na kwa sababu gani. Nilikuwa nimefika swali la kumi na tisa aliposema, "Bwana Uthman, hata nilipokwenda kuposa sikuulizwa haya." Nimeliandika jibu hilo kama lilivyo. Mtu aliyeoa bila kuulizwa maswali ni mtu ambaye hajakaguliwa.

6. Hili ndilo kubwa. Kuna yule jike mdogo, wa rangi ya mchanga. Unamkumbuka, kwa kuwa ndiye niliyekupigia simu kwa ajili yake. Alipokuwa wa wiki tatu aliacha kunyonya. Nilimkuta asubuhi kando ya wenzake, baridi kama jiwe la kisimani, mama yake akimlamba naye hatikisiki. Nikakuuliza nifanye nini, ukasema nimtie joto kwanza, kisha matone ya maji ya sukari, kidogo kidogo. Nilimfunga ndani ya kikoi, nikamweka kifuani, nikaketi juani. Adhuhuri ikaja nikiwa nimeketi. Bi Barka alikuwa akimdondoshea maji ya sukari kwa ncha ya kijiko. Alasiri ilipokaribia, kitu kikanipiga teke ubavuni. Sikuwahi kufurahia teke kabla ya siku hiyo, nami nina watoto sita.

Tangu hapo hali chakula mpaka niketi karibu naye. Nikiinuka, huacha chakula akanifuata. Kiumbe wa namna hii ukimtoa hapa atakufa kwa majonzi, na damu yake itakuwa juu ya kalamu yako.

Kwa hivyo, naomba yafuatayo. Maneno "wiki nane" katika karatasi yako yasomwe "miezi minane", kwani ni dhahiri mpiga chapa alikosea. Kila mchukuaji aje akae Kipungani siku saba, atazamwe. Bwana Amini akae kumi na nne. Na yule mdogo asihesabiwe kabisa. Kama orodha yako inasema watano, basi orodha ina makosa, na serikali haikatazwi kusahihisha. Ukikataa nitafungua kesi. Ninajua ni fomu gani, na ni dirisha gani, na siku gani karani wa dirisha hilo huwa na uso mkunjufu.

Nisalimie wote ofisini: mwenye boti aliyekuleta, mama wa chai, na hata yule kijana wa masjala anayesema kwamba barua zangu ni ndefu. Bi Barka anakusalimu, na Bi Mwanamkisi anauliza mkeka wako uwe wa rangi gani.

Wako katika kudai haki wala si jambo jingine,

Uthman Husseini

Nyongeza, Jumamosi. Barua hii haikupata wa kuipeleka. Leo saa tatu Bwana Amini alifika na kibali chako. Nilikuwa nimemfungia yule mdogo stoo, nikamwambia Amini, "Wako wanne." Hakubisha. Tukawashusha pwani ndani ya kapu alilosuka Bi Mwanamkisi. Hatujaweka kapu botini, yule mdogo akatokea mbio. Alikuwa amechimba chini ya mlango. Nilichuchumaa nikamfungulia mikono. Akanipita. Akaingia majini mpaka tumboni, akilia wamtie na wenzake, na Amini akamwinua. Hakugeuza shingo hata kidogo.

Amini akaniuliza, "Na huyu je, ni wa nani?" Nikamwambia, "Wa Chundwa."

Amenipigia simu sasa hivi: wamefika, wamekula, yule mdogo amemaliza chake na cha Diwani. Kwa hiyo futa malalamiko yote, ya kwanza hadi ya sita, pamoja na kesi. Nimesoma tena kibali chako, na jina la mama yao halimo. Nimekisoma mara tatu. Naomba asiongezwe.