Mafanikio ya Programu ya Kuzuia Pombe kwa Vijana wa Kiriaini

Bwana Mkuu wa Wilaya, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Diwani, ambaye yuko njiani. Chifu wetu mpendwa pamoja na manaibu wake. Mwenyekiti wa wakulima wa chai. Mchungaji, ambaye ametuombea vizuri ingawa kwa urefu. Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi, wanafunzi, na ninyi mliokaa juu ya ukuta ambao vyeo vyenu sikupewa: hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Hatujambo, kwa sauti ndogo zaidi.)

Mimi ni Gicheru, Afisa Msaidizi Mwandamizi wa Mkoa katika Idara ya Mwenendo Mwema wa Vijana, na nimekuja kutoka makao makuu kule Nyeri, kwa barabara ambayo leo sitaisema, ili niwatangazie, kwa niaba ya idara, kwa niaba ya mkoa, na kwa unyenyekevu wangu mwenyewe unaojulikana mpaka Nairobi, kwamba Programu ya Pamoja ya Shule na Familia ya Kuzuia Matumizi Mabaya ya Pombe miongoni mwa Vijana imefaulu. (Makofi. Mtu mmoja anamuuliza jirani yake, "Ati programu gani?")

Ndugu wananchi, tangu bei ya kahawa ipande mwaka juzi, kila boma limekuwa na karamu, na penye karamu pana muratina, ile pombe yetu ya asali, na penye muratina pana kijana aliyeitwa kumimina, naye akimimina huonja. Idara ikakaa. Ikaunda komiti, komiti ikaenda semina, semina ikazaa mkakati, mkakati ukafanyiwa koodineshoni, na baada ya evaluesheni ya kina, yaani kuyatazama mambo tukiwa tumekaa, tumegundua kwamba ulevi wa vijana hapa Kiriaini umeshuka kwa asilimia themanini na saba nukta nne, na hiyo nukta nne nimeitafuta mimi binafsi. (Makofi na kicheko.)

Nitoe mfano ulio hai. Theuri, simama. (Kijana mrefu wa darasa la saba anasimama, macho chini.) Huyu ndiye golikipa wenu, ambaye mwaka jana, katika mechi na vijana wa Kangema, alifika uwanjani akinuka karamu ya mjomba wake, akaupisha kila mpira kwa adabu kama mtu anayekaribisha wageni mlangoni, na mwishowe akalala usingizi ameukumbatia mlingoti wa goli. (Kicheko kikubwa. "Na refa akamfunika na koti!") Leo Theuri hanywi. Kwa nini hanywi? Kwa sababu ya idara! Kwa sababu ya mabango yetu yenye picha ya ini! Ndiyo, mama, naona mkono wako. Sema kwa kifupi, na ujitambulishe.

("Mimi naitwa Wakonyo, mama yake. Bwana Afisa, hiyo picha ya ini sisi hatujaiona. Na Theuri alikuwa anajua pombe ni mbaya, Mchungaji amemwambia mara nyingi. Kitu hakujua ni vile atasema hapana, mjomba akimpatia pembe ya pombe mbele ya watu. Hiyo ndiyo Mwalimu Magdaline alimfundisha." Makofi, ambayo hayakuombwa.)

Asante, mama. Kama nilivyokuwa nikisema, kupitia mjumbe wetu wa nyanjani, Mwalimu Magdaline... ("Mimi si mjumbe wenu, Bwana Afisa," anasema mwalimu kutoka benchi la walimu.) ...kupitia ushirikiano usio rasmi na Mwalimu Magdaline, programu iliwakalisha wazazi na watoto wao kwenye madawati kila Alhamisi, mzazi akajifanya mjomba mlevi, na mtoto akajizoeza kukataa bila kumvunjia mtu heshima. ("Mjomba nilikuwa mimi!" anaita mwanamume mmoja. Watu wanacheka mpaka Chifu anainua fimbo.) Na wewe, mzee, ni nani?

("Ngatia, baba ya huyu kijana. Mimi nilikuwa namtuma pombe jioni, halafu namchapa akirudi na mdomo umelowa. Sasa siku hiyo darasani nikajifanya huyo mjomba. Nikamwambia, kunywa, wewe ni mwanamume ama ni nini? Yeye akaniangalia, akasema pole pole, 'Baba, usinitume tena.'" Chifu anashusha fimbo. "Hiyo haikuwa kwa mchezo. Nilishindwa kuendelea, nikatoka nje. Tangu hapo nikitaka pombe najiendea mwenyewe. Na huo mlima wa kwenda huko ni mkali, Bwana Afisa. Hata mimi nimepunguza." Kicheko kinarudi. Wakonyo anapangusa macho kwa ncha ya leso. Theuri anainua uso, anamtazama baba yake.)

Ndugu wananchi... (Anapekua karatasi.) Ndugu wananchi, karatasi hii haina sentensi ya kufuata hapo. Lakini hiyo ndiyo inayoitwa fidibaki, na itaingizwa katika ripoti kama mafanikio ya idara. Mwalimu Magdaline, sema bila woga, mnahitaji nini?

("Paa la lile darasa. Mvua ikinyesha, tunaahirisha.")

Paa! Mimi nawaahidi jengo la ghorofa, lenye ukumbi, maktaba, maabara ya tabia njema, na chumba cha mapumziko cha maafisa wanaotoka Nyeri! ("Paa tu!" "Mabati yanatosha!") Maombi yenu yamesikika na yatakuzwa.

Sasa tuamke. Nikisema pombe kwa vijana, mseme chini! (Chini!) Shule na familia! (Juu!) Wazazi wanaojiendea wenyewe! (Juu! Juu! Ngatia anapunga kofia.) Idara! (Kimya. Mchungaji anasema, "Amina.")

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Chifu kwa kiti, akina mama kwa chai ya maziwa, na Theuri kwa kusimama muda wote huo, kaa, kijana. Zaidi ya wote namshukuru Mwalimu Magdaline kwa kukubali kunieleza taratibu, kabla sijaondoka, mambo mnayoyafanya siku za Alhamisi. Maana idara imekuwa ikikusudia kuanzisha programu hii tangu uhuru, na hadi leo asubuhi hapakuwa na mtu yeyote ofisini aliyejua ingekuwaje. Asanteni sana.