Oti za Sabato

Jumatatu, 1 Oktoba 1956. Nchelenge

Habari kubwa! Pasta muzungu anakuja Sabato hii. Anatafuta mupishi wa mashua yake, ile ya injini inayozunguka ziwa. Mushahara kila mwezi, na kofia! Kazi hiyo ni yangu. Jirani yangu Patson naye anasema ni yake. Patson! Mutu wa vitumbua!

Muke wangu Eneless alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema neno lake. Amechoka na mipango yangu. Nisipopata kazi hii, Jumatano ya wiki ijayo anapanda mashua kwenda kwa mama yake, kisiwani Chisenga. Hakupiga kelele. Ndiyo maana naogopa.

Bon, sawa. Sabato kanisa letu haliwashi moto. Baada ya ibada wote watamuletea pasta bukari, ugali wetu, baridi. Mimi nitaleta oti! Niliziona Elisabethville, kule Kongo, nilipokuwa naosha sahani za Mubelgiji mumoja. Nafaka ya wazungu, bapa kama magamba ya samaki. Jioni analoweka kwa maziwa, asubuhi anakula. Bila moto! Pasta akionja, atalia machozi.

Alhamisi, 4 Oktoba

Jana nilipata mukebe wa oti na mikebe minne ya maziwa kwa muchuuzi wa samaki. Nikamupa blanketi letu. Joto hili la Oktoba, nani anataka blanketi? Eneless hajajua bado.

Jioni nililoweka kikombe kimoja, nikakiacha wazi. Asubuhi, sisimizi watupu! Patson akapita, akauliza kama siku hizi nafuga wadudu. Nikacheka naye. Moyoni nilikuwa nimeshamutupa ziwani.

Nimejifunza. Chombo kifungwe. Kifungwe kabisa!

Ijumaa, 5 Oktoba

Mbio tangu muchana. Oti, maziwa, asali, ndizi mbivu tatu. Chombo? Hakuna chenye kifuniko. Jua linashuka, na likizama Sabato imeingia, kazi basi. Patson amesimama njiani anatazama jua, halafu mimi, halafu jua. Jasho!

Nikachukua kibuyu cha Eneless, kile anachochachushia munkoyo, kinywaji chake cha mahindi na mizizi. Kinanuka uchachu ndani. Kukiosha? Muda uko wapi? Nikamimina, nikaziba kwa gunzi la mahindi, nikaligonga na jiwe mpaka likazama.

Eneless akatoka kuangalia. Akasema kibuyu cha munkoyo lazima kipumue, hata mutoto anajua. Nikamujibu hiki ni chakula cha Ubelgiji, hakipumui. Akarudi ndani.

Jumamosi, 6 Oktoba. Sabato

Mawe, mama wee! Niandike nini?

Nilikaa benchi ya mbele, kibuyu chini ya miguu. Kanisa limejaa, joto la kuchemsha mayai. Pasta akahubiri juu ya pombe, namna inavyobomoa nyumba za watu. Nikaitikia amina kwa sauti, anione.

Kibuyu kikaanza kunguruma. Taratibu kwanza. Mama Rosaria, mukubwa wa akina mama kanisani, akanitazama tumbo. Nikaweka muguu juu ya gunzi. Nikausikia unainuliwa! Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Nikamuomba Mungu dakika kumi tu, pasta amalize. Hakunipa hata moja.

PAA! Gunzi likapiga bati. Oti zikaruka mpaka ndevu za pasta, mpaka kwenye Biblia yake. Pasta akafuta ndevu, akalamba kidole, akauliza hiki ni nini. Kabla sijafungua kinywa, Mama Rosaria akanusa sketi yake akasema: pombe. Ndani ya hubiri la pombe!

Patson akasimama pole pole na sahani yake. Akasema vitumbua vyake amekaanga Ijumaa asubuhi, havina kelele. Pasta akala vinne. Kofia imemukaa Patson vizuri, shetani yule.

Jumanne, 9 Oktoba

Eneless anafunga vitu. Kapu moja, nguo zake, gauni jeupe la kanisa. Alipotafuta blanketi, ikabidi niseme. Akakaa kitandani.

Akasema si kazi inayomuondoa. Wala si blanketi. Alinieleza kibuyu kipumue na mimi sikumusikia, kama vile hakuna mutu aliyesema. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nilimuuliza ni nani anaumwa sikio. Akainuka, akaendelea kufunga kapu.

Naumia. Nasema wazi hapa kwenye daftari, naumia sana. Nyumba hii bila sauti yake sitaiweza.

Kwa hiyo nimekaa nimefikiri muchana kutwa, na kosa nimeliona. Gunzi! Gunzi ni kitu dhaifu. Na kumbe oti zilibaki nusu mukebe, na maziwa mukebe mumoja. Mama mukwe anapenda vitamu. Akipata zawadi ya maana kutoka kwangu, yeye mwenyewe atamurudisha binti yake kabla ya Jumapili.

Nimeloweka upya, kibuyu kile kile. Kizibo cha muti safari hii, mupira wa baiskeli mizunguko minne, na waya juu. Nimekiweka ndani ya kapu lake, katikati, nimekifunika na gauni jeupe. Eneless aliuliza kama nimekiacha kipumue. Nikamuambia ndiyo, mama, nimekusikia.

Kesho atakipakata mpaka Chisenga. Nimekijaribu kwa mikono miwili. Haitoki hata pumzi.