Ombi la Kupunguzwa Makali kwa Neno "Kusumbua"

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Natumaini hujambo na kwamba barua hii haijakukuta ukila. Kama unakula, maliza kwanza. Nitasubiri hapa mwisho wa mstari.

Mimi ni mwanafunzi. Shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili, na katika zote mbili mimi hunyamaza. Nalalamikia neno lako "kusumbua". Umeeleza kuwa ni kumkosesha mtu raha, basi, bila kusema raha kiasi gani. Matokeo yake ni haya:

1. Jumamosi kinyozi alikuwa amemaliza upande wangu wa kulia simu ilipomwita, akatoka nje. Akaingia mzee, nami nikampisha kiti, kama nilivyolelewa. Kinyozi aliporudi akaendelea na mzee. Ningesema "bado upande mmoja", ningemsumbua kinyozi, mzee, na yule aliyekuwa anasinzia kwenye benchi. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

2. Mama aliponiona alikaa chini kwanza. "Mwanangu, mdomo uliuacha wapi?" Nikamwambia sikutaka kumsumbua mtu. "Na mimi si mtu?" Dada yangu hajasema kitu mpaka leo; kila akifungua mdomo anacheka. Yaani nimesumbua nyumba nzima kwa kutomsumbua kinyozi, na kamusi yako imekaa kimya.

3. Ijumaa tunapigwa picha za vitambulisho vya mtihani. Kofia marufuku. Nimejaribu kusimama kiubavu mbele ya kioo, lakini mpiga picha anataka uso mzima, na uso wangu mzima ni wa watu wawili.

Basi naomba toleo lijalo liseme wazi kwamba kumkumbusha fundi kazi aliyoiacha nusu si kusumbua. Likitoka, nitamfungulia kinyozi ukurasa, nimwonyeshe kwa kidole, nisitamke neno. Isipowezekana kabla ya Ijumaa, njoo useme wewe. Mimi nitasimama nyuma yako.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata wanaoshughulikia herufi ambazo sijawahi kuzitumia.

Wako kwa unyenyekevu,
Mwanafunzi wa Upande Mmoja

N.B. Mama amenikokota mpaka kwa kinyozi. Kumbe naye alikuwa hana usingizi tangu Jumamosi. Amefika mlangoni kwetu mara mbili na mashine mfukoni, akarudi, eti aliogopa kutusumbua. Kwa hiyo neno liache lilivyo. Tatizo si kamusi. Amenimalizia vizuri sana. Kisogo amekisahau, lakini kulikuwa na foleni.