Gari Lisilotaka Klachi

Asali alipoliona lile gari likiozea nyuma ya gereji, klachi imekufa na mwenyewe anataka litoweke, moyo wake ulijaa huruma. Si kwa gari, bali kwa mtu ambaye angekuja kumuuzia, ambaye wakati huo hakujua kinachomjia. Asali alilipata kwa bei ya chuma chakavu, na hata bei hiyo aliifikia kwa kuuza cherehani ya mkewe.

"Leo urudi na cherehani," mkewe alimwambia mlangoni siku ya kwenda kuliuza, mkono kiunoni. "Usiporudi nayo, hilo gari likupikie, likufulie."

Asali hakutishika. Alikuwa na ufundi wake. Unatia gia namba moja injini ikiwa imezimwa, unawasha, gari linaruka kama limechomwa sindano, kisha linakwenda. Kubadili gia ni kazi ya sikio: unaachia mafuta, unatoa gia, unasubiri mngurumo ushuke, halafu unaitumbukiza ya pili kabla injini haijashtuka. Pedali ya klachi ilibaki pambo, naye aliikanyaga kwa heshima zote, kama waziri anayezindua daraja.

Mteja alikuwa mama mmoja mnene, sauti ya upole, mkoba mapajani.

"Mbona limeruka, mwanangu?"

"Hiyo ni salamu, mama. Gari lenye adabu halianzi safari kimyakimya."

Kwenye taa nyekundu Asali akazima injini upesi.

"Na hapa limekufa?"

"Limejizima, mama. Linayaonea uchungu mafuta yako."

Mama akatikisa kichwa. "Dunia imeendelea! Mimi hata breki sijui ni ipi."

Asali alitamani amkumbatie. Wateja wa aina hiyo walikuwa wameadimika.

Waliposimama kwenye barabara tulivu, injini imezimwa, mama akaomba kukaa kwenye usukani, aone kama tumbo linaenea. Likaenea.

"Hebu nenda nyuma, baba, uniangalizie taa za breki. Nisije nikalipa halafu nikajuta."

Ufunguo ulikuwa mahali pake. Asali aliuacha hapo kwa utulivu wa mtu aliyefunga mlango kwa makufuli. Gari lisilo na klachi, nani angeliondoa?

"Zinawaka?"

"Zinawaka, mama! Nyekundu kabisa!"

Gari likaruka. Likaruka tena, likashika njia. Asali alicheka, akingoja kusikia gia zikisaga meno. Badala yake mngurumo ukashuka, ukatulia kidogo, na gia ya pili ikaingia laini kama kijiko kwenye sukari. Ya tatu vivyo hivyo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuitia namna ile. Kwa kitambo, Mungu amsamehe, alisimama akifurahia ufundi wa mwenzake. Ndipo akaanza kukimbia.

Kituoni, afande wa zamu alimsikiliza kwa makini.

"Ulimwachia ufunguo?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini?"

"Klachi imekufa, afande. Nilijua hawezi kuliondoa."

"Na yeye, ulimwambia kwamba klachi imekufa?"

Asali, aliyewahi kumuuzia mtu kisima kisicho na maji, alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

Afande akamvutia kiti kwa ukarimu. "Kaa, ndugu yangu. Tuanze na mwizi yupi? Yule aliye mbali, au huyu ambaye tayari tunaye?"