Ulegevu wa Unywele Mmoja

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Habu ni kile kiini cha gurudumu ambacho kwa nje hushika spoki zote, na kwa ndani huzunguka juu ya ekseli kikibebwa na gololi zilizopakwa grisi. Fasili hii ni yangu. Nimeilinganisha na za watu watatu wa mtaani, mmoja alisema habu ni "pale katikati." Nimesikitika, kisha nikanywa chai.

Habu ya mbele ya baiskeli yangu ya mbio inacheza. Nimeshika rimu, nikatikisa kushoto na kulia: ulegevu wa unene wa unywele. Unywele! Kwa mkutubi aliyepanga kadi za maktaba ya chuo miaka kumi na tisa bila kadi hata moja kukaa kichwa chini, unywele ni bonde.

Na wakati wenyewe ni mbaya. Jana mke wangu alitamka, mbele ya mdogo wake wa kiume, kwamba chumba cha nyuma ni hospitali ya mgonjwa mmoja asiyepona, mwaka wa pili sasa, ilhali cherehani yake hushushwa mezani kila tunapotaka kula. Shemeji yangu huyo, mwokaji mikate, akadakia kwamba baiskeli yenyewe haiwezi kumshinda hata yeye na kitambi chake. Nikasema inaweza. Mke wangu, bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona, akahukumu: Jumapili asubuhi, kutoka langoni petu hadi kwenye tangi la maji kileleni, na kurudi. Nikitangulia, chumba ni changu. Akitangulia mdogo wake, cherehani inaingia siku hiyo hiyo. Nilikubali kwa utulivu. Chakula sikumaliza.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nimefungua habu mwenyewe. Fundi hufanya kazi kwa mikono. Mimi kwa kanuni. Nati ya kufungia, kisha koni, ile nati iliyochongoka inayobana gololi, kisha ekseli ikachomoka taratibu juu ya kitambaa cheupe. Gololi kumi kila upande. Jumla ishirini. Nimehesabu mara mbili.

Nimeziosha kwa mafuta ya taa kikombeni. Mke wangu akauliza kikombe gani. Nikamjibu, cha majaribio. Akasema hicho ni cha mama yake, na kwamba nianze kutafuta maneno ya kumwambia mama mkwe.

Hesabu ya tatu: kumi na tisa.

Nilitafuta kwa utaratibu. Nimeigawa sakafu katika miraba kwa chaki na kupekua mmoja baada ya mwingine. Mraba wa kumi na nne: kijiko kilichopotea mwaka jana. Mraba wa ishirini na mbili: kifungo. Gololi, hola! Mke wangu amefurahia kifungo.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Nimekwenda kwa fundi baiskeli wa kona. Sikutaka ajue yaliyonipata. Nilimweleza kwamba naendesha utafiti linganishi juu ya umbo la mviringo kamili, hivyo nahitaji sampuli. Moja tu. Akanitazama, akauliza iliyopotea iliingia chini ya kabati au ilikwenda na maji machafu. Waliokaa kwenye benchi wakacheka mpaka mmoja akakohoa.

Amenipa ishirini mpya. Ukichanganya, kasema, ile mpya itabeba mzigo wote peke yake huku wenzake wakiitazama. Hapo, nakiri, pana mantiki.

Akaongeza pasipo na mantiki. Akaniita Profesa, kama mtaa mzima unavyoniita kwa kosa nisilolisahihisha, akasema nikifunga habu niiachie icheze kidogo, kidogo kabisa, kwa sababu nikibana ule mkono unaokaza ekseli kwenye foki, yaani uma unaoshika gurudumu, itajikaza yenyewe. Nimemshukuru. Nimetoka nikitikisa kichwa. Kuhubiri kasoro kama kanuni! Ndiyo maana baiskeli za mtaa huu hulia zikipita.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Siku njema mno. Grisi safi. Gololi kumi huku, kumi kule, zimejipanga kama punje kwenye gunzi. Koni moja ilikuwa na vidonda vidogo vidogo, nimeibadilisha. Nimekaza kwa spana nyembamba hadi ulegevu ukawa sifuri. Si karibu na sifuri. Sifuri. Gurudumu likiwa mikononi mwangu lilizunguka kimya.

Kulirudisha nako nimefuata kitabu. Baiskeli wima, matairi yote mawili chini, ili ekseli ikae sawasawa ndani ya foki. Mkono wa kukaza upande wa kushoto, ukabanwa hadi ukaacha alama kiganjani. Nikainua, nikazungusha. Mizunguko miwili na nusu. Likasimama.

Nimetafakari. Sababu ni dhahiri: grisi bado ngeni mahali pake. Itazoea.

Shemeji alipita kuleta mkate. Akazungusha naye, akauliza kama nimesahau breki imebana. Nikamwambia hiyo inaitwa usahihi. Akasema basi hata habu ya baiskeli yake ina usahihi, kwani tangu aikaze mwenyewe mwezi uliopita, akipanda kilima anajiona anakanda unga kwa miguu.

Wazo likanijia. Wazo zuri! Nilimkatia mkate kipande kinene.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Mpango ni huu. Nimemwomba shemeji aniachie baiskeli niihudumie, kama zawadi ya kifamilia. Kwa nje, ukarimu. Kwa ndani, nimwekee ile kasoro anayoihubiri fundi: ulegevu wa unywele mmoja. Hatari haipo; nisingependa mdogo wa mke wangu aumie, na zaidi ya hayo ndiye anayeleta mkate. Utamnyima mwendo tu. Dhamiri ilinisumbua kuanzia saa tano kamili hadi saa tano na robo.

Kazi ilidai ustadi. Kuacha unywele mmoja, si nywele mbili, si mchezo. Nimerudia mara nne. Kwa kipimo nimetumia unywele wa kichwani mwangu mwenyewe, sadaka ambayo mwenye kichwa kama changu haitoi ovyo.

Jambo la ajabu: nilipolirudisha gurudumu na kubana mkono, ulegevu sikuuhisi tena. Nimehitimisha kwamba umejificha.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Nimeshindwa.

Kupanda nilipanda, lakini kama mtu anayevuta kabati. Habu ilinguruma. Shemeji alipotea mbele yangu kabla ya kona ya kwanza, kitambi na vyote, na nilipofika nusu ya kilima nikakutana naye akirudi, mikono ameikunja kifuani, akaniambia, shem, kazana, maji ya tangi bado yapo. Nami kwenye mteremko ilinibidi nikanyage pedali. Kwenye mteremko! Bibi mmoja mwenye kikapu alitembea sambamba nami kwa muda, akanipa pole, akauliza kama natoka mbali.

Langoni, shemeji alikuwa amekwisha kunawa uso. Alitangazia watu kwamba baiskeli yake haijawahi kwenda vile tangu ainunue, na kwamba sifa zote ni zangu. Akanikumbatia. Nikapokea sifa, kuzikataa kungehitaji maelezo. Mke wangu akauliza ya mdogo wake niliifanyia nini ambacho yangu sikuifanyia. Nikasema ni swali zuri.

Saa sita cherehani ilikuwa ndani. Tuliibeba mimi na shemeji. Mke wangu aliisogeza dirishani, akaketi, akashona mshono mmoja mrefu bila kusimama, na sijamwona akitabasamu vile kwa muda. Tukala kwenye meza nzima. Nilinyoosha viwiko vyote viwili.

Mimi nimepewa pembe iliyo chini ya ngazi. Mita moja na nusu kwa moja. Nikiketi, kila spana naifikia bila kuinuka. Chumba cha zamani kilikuwa na nafasi ya kupita kiasi.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Fundi amepita, akazungusha gurudumu langu kwa kidole, akasema nimekaza mno, nilegeze kidogo tu. Nimemweleza kwa upole kwamba matokeo ya jana yanamkanusha.

Mtu mwenye pupa angedai kwamba shemeji alishinda kwa sababu ya ulegevu. Tuchunguze. Mkono ulipobanwa, ulegevu wake haukuhisika tena. Kwa hiyo barabarani hakuwa na ulegevu. Kwa hiyo aliyeshinda ni asiye na ulegevu. Mimi nimeshindwa. Kwa hiyo, mahali fulani ndani ya habu yangu, ulegevu ulibaki, mdogo kuliko unywele, nami sikuuona. Hoja haina ufa. Nimemsomea mke wangu mara mbili. Akazidisha mwendo wa cherehani.

Kesho nakaza zaidi. Nimeshaazima spana ndefu. Linabaki swali moja tu, na kitabu kinalinyamazia: habu iliyokwisha kukazwa hadi sifuri, mtu huikaza hadi wapi?